Tochi ya Mong'ina Kwenye Ukingo wa Manga

Tuseme ukweli tangu mwanzo, maana mwenyewe hakuwahi kuuficha: Mong'ina alikuwa mwoga. Tena si uoga wa kudeka, uoga hasa. Aliogopa mbwa, aliogopa bata bukini wa misheni, aliogopa radi, aliogopa daraja la gogo, aliogopa hata mtu kupiga hodi kwa sauti nene. Wahenga wanasema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Kwao Ikonge kicheko hakikukauka, maana watoto wenzake walimcheka mpaka mbavu zikawauma.

Lakini uoga huohuo ndio uliompa miguu. Njia ya kwenda shule ilipita kwenye boma lenye mbwa wakali, ikakatiza malisho ya fahali asiyependa watu, ikateremka mtoni penye matete marefu ambamo, kwa maoni ya Mong'ina, chochote kingeweza kukaa. Wenzake walitembea wakitafuna miwa. Yeye alikimbia vipande vya kutisha tu, na kwa kuwa hakukuwa na kipande kisichotisha, alikimbia njia nzima, kwenda na kurudi, mvua na jua. Alipofika darasa la sita mbwa wale walikuwa wamemkatia tamaa. Walimbwekea wakiwa wamelala.

Hapo ndipo alipogundua jambo ambalo hakuweza kumweleza mtu. Kila alipopita mahali pa kuogopa na kupaacha nyuma, kifua chake kilifunguka. Hofu ilibaki kule kwa mbwa, yeye akawa huku, mwepesi, akihema na kucheka peke yake. Wengine humshukuru Mungu wakiwa wameketi kanisani. Mong'ina alimshukuru vizuri zaidi akiwa mbioni. Mwalimu mmoja alimwona akipanda kilima cha shule kama anayefukuzwa, akampeleka Kisii kwenye michezo ya shule. Mong'ina akakimbia peku, akiwaogopa wasichana waliokuwa nyuma yake kiasi kwamba hakuna aliyemkaribia. Alipewa beseni, na beseni hilo ndilo alilokwenda nalo kwa mumewe, huko Manga, mwaka wa sitini na sita.

Mumewe aliitwa Nyasani, mtu mcheshi mwenye kazi katika kiwanda cha chai huko Kericho. Alikuwa akirudi nyumbani mwisho wa mwezi na kuondoka kabla mkewe hajamzoea. Mong'ina akabaki kwenye boma la wakwe, akichuma chai, akipalilia wimbi, akimlea binti yake Abigael. Na hakukimbia. Mke wa mtu akimbie anakwenda wapi?

Tena kulikuwa na chinsoni. Asiyekulia kwetu inafaa aelezwe. Baina ya baba na mke wa mwanawe kuna ukuta ambao hakuna fundi aliyeujenga wala atakayeubomoa. Hawashikani mikono. Baba mkwe haingii nyumba ya mwanawe. Wakikutana njiani mmoja huingia shambani, akageuza uso mpaka mwenzake apite. Hiyo ndiyo heshima, na mzee Machogu, baba yake Nyasani, aliishika kama Msabato anavyoishika Sabato, naye alikuwa Msabato pia. Tangu Mong'ina aolewe mzee huyo hakuwahi kulitamka jina lake. Akiwa na neno alimwambia mkewe, "Mwambie yule mtoto wa Ikonge," na mtoto wa Ikonge angekuwa amesimama hapohapo akisikia kila kitu.

Basi mwaka wa sitini na nane kijana wa huku kwetu akaleta medali ya dhahabu kutoka Meksiko kwa mbio zake. Nyinyi mliozaliwa baadaye hamwezi kujua joto la siku zile. Kila mvulana aliyetumwa chumvi dukani alikwenda mbio, na wazee waliokuwa wakiwachapa wana wao kwa kukimbiakimbia ovyo wakawa wanasimama barabarani kuwapigia makofi. Mong'ina alitazama kutoka katikati ya chai, kapu mgongoni, na nyayo zikamwasha. Nyasani aliporudi mwisho wa mwezi akamwambia. Alidhani angechekwa, na kweli alichekwa, lakini mwezi uliofuata Nyasani alileta tochi mpya ya bati, betri zake ndani, na kaptura yake kuukuu.

"Kimbia," akasema. "Ila baba asikuone. Akikuona na kaptura yangu ataniita kutoka Kericho nije nimzike."

Kwa hiyo Mong'ina akawa anatoka kabla ya jogoo wa pili, wakati giza bado limekaa bondeni. Ilimlazimu arudi kabla hakujapambazuka, kwa sababu mzee Machogu alitoka mapema na njia ilikuwa moja. Abigael alilala kwa bibi yake. Njia aliyoichagua iliteremka kutoka bomani hadi kwenye kijito, ikavuka kwa gogo lenye utelezi, ikapanda ng'ambo na kupita nyumba ya Onsongo, mwenye mbwa. Toka hapo ilipita chini ya mkaratusi mkubwa ambao hakuna aliyetaka kusema kwa nini hakuna anayeukata, kisha ikafuata ukingo wa Manga, ambako ardhi inakatika ghafla na ukiangusha kitu husikii kikitua. Mwisho wa ukingo kulikuwa na jiwe kubwa jeusi. Wenyeji waliliita Jiwe tu. Hapo ndipo alipokuwa akigeuka, akarudi kwa njia ileile.

Mnaona alichofanya. Angeweza kuchagua barabara nzuri ya kwenda sokoni. Akachagua gogo, mbwa, mkaratusi na ukingo, kama mtu anayekusanya hofu zake zote na kuzipanga kwenye uzi mmoja. Aliipenda njia ile kuliko alivyoweza kusema. Betri hazikuwa za kuchezewa, basi aliwasha tochi pale tu ambapo uoga ulimzidi. Kwenye gogo, taa. Kwa mbwa wa Onsongo, taa. Chini ya mkaratusi na kwenye Jiwe, taa. Kwingine kote alizima na kukimbia gizani kwa kumbukumbu ya miguu. Siku ya Sabato alipumzika kama Mungu alivyoagiza.

Hakujua kwamba kutoka upande wa pili wa bonde watu walikuwa wakiutazama mwanga huo.

Habari ilimfikia kupitia kwa Persis, jirani yake, mama wa mtoto mdogo aliyeitwa Andrew. Walikuwa wakichuma chai sambamba, mistari miwili, na Persis akainama kama anayeokota kitu.

"Mama Abigael, umesikia? Kuna omorogi ukingoni."

Vidole vya Mong'ina vikaacha kuchuma. Kila mtoto wa Kigusii anajua omorogi, yaani mchawi wa usiku, anavyosafiri, hata kama kanisani anasema haamini. Hukimbia gizani, mbio zisizo za binadamu, amebeba chungu chenye makaa. Akitaka kuona njia hukifunua, mwanga ukamulika, kisha hukifunika tena. Ukiona moto unaotokea na kupotea, na kutokea tena mbali ambako mtu wa kawaida hawezi kuwa amefika, huyo ndiye.

"Nani amemwona?" akauliza.

"Wengi. Alfajiri. Anapita kama upepo."

Sasa nyinyi mnaosoma mmeshaelewa. Mong'ina hakuelewa. Mungu aniwie radhi, nacheka kila nikifika hapa, ingawa hakuna cha kuchekesha. Yeye aliogopa tu. Alilala akitetemeka kwa kufikiria kwamba njia aliyoipenda anaigawana na omorogi, na kwamba asubuhi moja watagongana uso kwa uso. Angeacha kukimbia, lakini alijijua: akiacha kwa hofu hatarudi tena maishani. Basi akaendelea, ila sasa aliwasha tochi mara nyingi zaidi, amulike vichakani kama kuna mtu. Na ng'ambo ya bonde watu wakashikana mikono na kusema, lo, leo amezidi.

Kisha Andrew wa Persis akaugua. Joto likampanda, akawa analia bila machozi. Persis hakumpeleka hospitali mara moja. Alipeleka kwanza lawama. Siku hiyo alikuja nyumbani kwa Mong'ina kuomba moto, akakaa mlangoni na macho mekundu.

"Wanaume wamepanga," akasema. "Onsongo amewakusanya vijana. Wamemwangalia vizuri sasa, wanajua mapito yake. Hufunua chungu kwenye gogo. Hufunua tena kwa Onsongo, mbwa wanabweka. Hufunua kwenye mkaratusi. Kisha kwenye Jiwe, halafu anarudi. Na siku ya Sabato haonekani kabisa."

Mong'ina alikuwa ameshika koleo la moto. Kaa likaanguka sakafuni, akalitazama likififia. Gogo. Mbwa. Mkaratusi. Jiwe. Aliyekuwa akimwogopa majuma yote hayo alikuwa amevaa kaptura ya Nyasani.

"Sabato?" akasema.

"Ndiyo iliyotuonyesha," Persis akasema, naye Mkatoliki. "Omorogi gani anayeshika Sabato? Ni lazima awe Msabato. Na kule chini ya Jiwe anakaa Msabato mmoja peke yake, mwanamke asiye na mume wala mtoto. Nyanchera. Wanamwendea Ijumaa."

Nyanchera alikuwa mjane mzee aliyeuza ndizi mbivu kwenye njia ya kanisani na kutembea kwa fimbo, goti lake moja likiwa limekufa. Mtu yule hangeweza kumkimbiza kuku. Lakini hofu haikagui magoti. Mong'ina alijua maana ya kumwendea mtu. Nyumba zilikuwa za nyasi, na kiberiti hakikuwa ghali.

Persis alipoondoka, Mong'ina alikaa sakafuni kando ya lile kaa lililokufa. Njia ya kujiokoa ilikuwa wazi, nyeupe, haina hata mwiba: aache kukimbia. Mwanga ungetoweka, Nyanchera angechomwa, watu wangesema mnaona, ndiye aliyekuwa, na hakuna ambaye angejua kitu milele. Alikaa na wazo hilo muda mrefu kuliko nipendavyo kusema. Njia ya pili ilikuwa aseme. Akisema, yeye ndiye omorogi. Au wakimwamini, yeye ndiye mke wa mtu anayekimbia ameacha mapaja wazi kwenye njia ya baba mkwe wake. Hakujua lipi lingemuua kwanza.

Jioni alikwenda jikoni kwa mama mkwe. Mama mkwe alikuwa akikoroga uji, Abigael akisinzia kwenye kipande cha ngozi. Mong'ina alianza kusema akashindwa, akaanza tena, na mwishowe alitoa yote kwa mkupuo mmoja, tochi, kaptura, gogo, Nyanchera, akilia kama aliyefiwa. Mama mkwe aliacha kukoroga. Uji ukaanza kuungua.

Nje ya ukuta mtu akakohoa.

Mong'ina alitamani ardhi ipasuke. Mzee Machogu alikuwa ameketi pale nje kwenye kigoda chake, kama kila jioni, na ukuta wa udongo hauzuii neno. Kisha sauti ikaja, ikimwelekea mkewe na si mtu mwingine.

"Mama Nyasani. Muulize huyo anayekimbia. Huwasha wapi?"

Mama mkwe akamgeukia Mong'ina, ingawa wote walikuwa wamesikia. "Anauliza unawasha wapi."

"Penye gogo. Na kwa mbwa. Na mkaratusi, na Jiwe."

"Anasema penye gogo, kwa mbwa, mkaratusi, na Jiwe."

"Muulize kwa nini hapo tu."

"Anauliza kwa nini hapo."

"Kwa sababu naogopa," Mong'ina akasema.

Mama mkwe hakulirudia hilo. Nje mkongojo uligonga ardhi. "Mwambie nimesikia," mzee akasema, na kigoda kikalia alipoinuka.

Alhamisi, kwa ombi la Machogu, wanaume walikaa kwa Onsongo, wanawake wakasimama pembeni karibu na migomba. Nyanchera aliletwa akakalishwa chini katikati, fimbo yake mapajani, midomo yake ikienda kwa sala. Onsongo aliongea vizuri; wenye mbwa wakali mara nyingi huongea vizuri. Alipomaliza, Machogu akasimama.

"Ule si moto wa chungu," akasema. "Ni tochi. Imetoka bomani kwangu."

Minong'ono ikazuka. Onsongo akauliza ni nani anayeibeba. Hapo mzee akakwama. Kumtaja mke wa mwanawe mbele ya watu, tena kwa jambo la miguu na mbio, ulimi wake haukujua kufanya hivyo. Alisimama tu, na Onsongo akaanza kutabasamu.

Mong'ina alijikuta akitoka migombani. "Ni mimi," akasema, kwa sauti ndogo mpaka ikabidi aseme tena.

Mzee Machogu akageuza uso papo hapo, akatazama kilima. Wanaume wengine walicheka. "Mwanamke?" Onsongo akasema. "Kutoka gogo hadi mkaratusi kabla mtu hajamaliza kujifunga shuka? Mama, hapo mwanamume mwenyewe hafiki. Ama unamfichia huyu bibi, ama mko pamoja."

Basi wakakata shauri. Kesho yake alfajiri kijiji kizima kingesimama kwenye mteremko wa Machogu, na Nyanchera akiwa katikati yao, chini ya macho yao. Mong'ina akimbie. Mwanga ukionekana kama siku zote, mjane ni mtu safi na tochi ni tochi. Lakini vijana wa Onsongo wangengoja kwenye Jiwe na mapanga.

"Akija na taa yake apite," Onsongo akawaambia mbele ya wote. "Kikija kitu kinakimbia bila taa, mnajua la kufanya."

Mong'ina alirudi nyumbani akafungua tochi, na moyo ukamshuka. Betri zilikuwa zimechoka. Uoga wake wa majuma yale ulizila zote. Betri zilizochoka huanikwa juani zikapata nguvu kidogo, kila mtu anajua, lakini mchana huo mvua ya Manga ilinyesha kama iliyolipwa. Duka lilikuwa mbali na mto umefurika. Alizipanga kando ya meko, akazigeuza kama mahindi ya kuchoma, akaomba.

Alfajiri ikafika. Alisikia watu wakikohoa gizani juu ya mteremko alipokuwa akiteremka, amevaa kaptura bila kujificha, akakimbia.

Kwenye gogo aliwasha. Taa ikatoka nzuri, nyeupe. Akavuka, akasikia mbali watu wakiguna. Akazima, akapanda, pumzi ikiingia kama visu. Kwa mbwa aliwasha tena, na taa ilikuwa ya manjano. Mbwa walimfuata mpaka mwisho wa ua, meno nje, naye hakuwaona kabisa, maana mwenye hofu kubwa hana nafasi ya hofu ndogo. Chini ya mkaratusi alibonyeza, na kijinga chekundu kikawaka ndani ya kioo, kikafifia, kikafa. Akabonyeza tena. Akaitikisa, akaing'ata hata betri kwa meno kama wafanyavyo watu. Giza.

Alisimama. Mbele ulikuwa ukingo, na mwisho wa ukingo vijana wenye mapanga waliokuwa, kama yeye, hawajalala kwa hofu. Nyuma ilikuwa njia ya kurudi. Akirudi, mwanga haukufika Jiwe, na Nyanchera ndiye atakayelipa. Alisikia meno yake yakigongana. Akataka kupiga kelele kwamba ni yeye, Mong'ina, betri zimekwisha tu, lakini koo lilikuwa limefunga, na aliyejaribu kupiga kelele akiwa na hofu kamili anajua kinachotoka. Ilitoka hewa.

Akakimbia. Sijui kwa nini, na yeye hakujua. Miguu iliijua njia, ikaishika upande wa ndani, mbali na shimo. Aliwaona kabla hawajamwona, vivuli mbele ya Jiwe, na kitu kikimetameta kwenye mkono. Mmoja wao akasema kwa sauti ya mtoto, "Linakuja. Halina taa." Mapanga yakainuka.

Ndipo sauti ikavuka bonde. Ilikuwa sauti ya mzee, imepasuka, haikuzoea kupazwa, na ilivunja kitu ilipokuwa ikija.

"Mong'ina! Mong'ina wa Nyasani! Kimbia, mwanangu! Nyinyi hapo kwenye Jiwe, huyo ni Mong'ina, mtoto wangu! Taa imezimika tu! Mong'ina!"

Jina lake likapiga ukuta wa Manga likarudi, likapiga tena. Koo lake likafunguka. "Ee, Baba!" akaitikia, "nipo! Ni mimi!" Na vijana wakasikia mtu, mwanamke anayelia na kuhema, na mapanga yakashuka moja moja. Alipita katikati yao akiwa karibu kiasi cha kunusa jasho lao. Alikuwa amefika Jiwe, akaligusa kwa kiganja, akageuka.

Haya, mnataka kujua yaliyofuata. Nyanchera alirudi kwake kwa miguu yake, na hakuna mwanamume aliyemwomba radhi, ingawa wanawake kadhaa walimpelekea wimbi. Persis alimbeba Andrew hadi Kisii hospitalini, akapewa dawa ya malaria, akapona, akakua mtukutu. Wazee walisema chinsoni imevunjwa, baba mkwe amepaza jina la mke wa mwanawe mbele ya kijiji, ikabidi mbuzi achinjwe kulisafisha neno lile. Machogu alimtoa mbuzi mwenyewe bila kubishana. Onsongo alikula sana.

Na tangu siku ile mzee hakulitamka jina hilo tena. Wakikutana njiani aliingia kwenye chai na kugeuza uso kama zamani, labda kwa bidii zaidi. Lakini kila mara alipotoka sokoni alimpa mkewe jozi ya betri, zimefungwa kwenye karatasi ya sukari. "Mpe yule mtoto wa Ikonge," alisema.

Alikimbia miaka yote iliyofuata, hadi akawa na watoto wanne, na watu wakamzoea kama wanavyoizoea mvua. Kwenye gogo hakuwasha tena. Kwa mbwa hakuwasha, wala chini ya mkaratusi. Si kwamba aliacha kuogopa, hapana, alikufa mwoga. Ila alijua sasa kwamba hofu inapita hata gizani. Aliwasha mahali pamoja tu, kwenye Jiwe, tochi ikielekea ng'ambo ya bonde, mahali ambapo mzee alikuwa akiketi na uji wake kabla ya kwenda kwenye kituo cha chai. Mama mkwe ndiye aliyesimulia kwamba mzee hakuugusa uji mpaka auone mwanga. Kisha alisema, "Amepita," akanywa.

Mzee Machogu alizikwa mwaka wa sabini na sita, msimu wa mvua ndefu. Matanga yalipokwisha Mong'ina alikimbia tena, akafika kwenye Jiwe, akasita, kidole kwenye swichi. Hakujua awashe kwa ajili ya nani. Akawasha hivyohivyo, kwa mazoea, akangoja kidogo, akataka kuzima. Ng'ambo ya bonde, mbele ya mlango wa mzee, ambako sasa mama mkwe alikaa peke yake, mtu aliinua taa ya chemli juu, akaishusha.